Kamba na Gari Jekundu

Mwezi wa Agosti mwaka 1951, Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yalifungua maonyesho ya magari manane. Hayakuwa magari ya kuuzwa, na hapakuwa na mchuuzi wa kumweleza mtu bei wala masharti ya malipo. Yaliwekwa pale kama zinavyowekwa sanamu: mtu ayazunguke, ayatazame kwa mbele na kwa ubavu, kisha aende zake. Miongoni mwao lilikuwamo jipu la kijeshi la Kimarekani, limekatwa kwa mistari iliyonyooka kama sanduku la bati. Na lilikuwamo gari dogo la Kitaliana liitwalo Cisitalia 202.

Gari hilo lilizaliwa Turin baada ya Vita Vikuu vya Pili, katika nchi iliyokuwa bado inaondoa vifusi. Mwenye kiwanda alikuwa Piero Dusio, na bodi ilibuniwa katika karakana ya Pinin Farina. Injini yake ilikuwa ya asili ya Fiat, ujazo wake umezidi lita moja kwa kiasi kidogo tu; teksi nyingi za leo zina nguvu kuishinda. Si nguvu, basi, iliyolifikisha New York. Kilichotazamwa ni ngozi. Magari mengi ya kabla yake yalikuwa mkusanyo wa viungo: boneti mbali, madigadi mbali, taa zimetokeza kama macho ya kaa. Katika Cisitalia viungo vyote hivyo vimemezwa na umbo moja, na jicho likianza safari yake kwenye taa ya mbele halipati pa kukwama mpaka linafika nyuma. Yalijengwa magari kiasi cha 170, kisha Dusio akaangushwa na tamaa ya kujenga gari la mashindano makubwa zaidi. Mwaka 1972 makumbusho yale yaliipokea Cisitalia moja katika hazina yake ya kudumu.

Waandaaji wa maonyesho yale, Philip Johnson na Arthur Drexler, walikuwa na hoja yao: kwamba gari ni sanamu yenye uvungu iendayo kwa magurudumu, na kwamba uzuri wake uhukumiwe kwa kanuni zilezile zinazohukumu sanaa nyingine. Hoja hiyo imeshinda. Alfa Romeo wana makumbusho yao Arese, karibu na Milan. Modena wana yao, chini ya paa la manjano lililoinama kama boneti. Brescia waliyafungua yao mwaka 2004 ndani ya nyumba ya watawa ya kale, pale walipokuwa watawa wakisali. Mwaka 2016, katika jengo la Nashville lililokuwa zamani posta kuu ya mji, magari ya Kitaliana ya miaka ya 1945 hadi 1975 yalionyeshwa miezi kadhaa chini ya jina la *Bellissima!*, na watu wakaenda kuyatazama kama wanavyokwenda kutazama michoro. Hakuna tena anayeshangaa kuliona gari katika nyumba ya sanaa.

Lakini hoja kushinda ni jambo moja, na swali kwisha ni jambo jingine. Swali lenyewe ni hili: mtu anayesimama mbele ya gari la mbio lililozimwa, akalistaajabia, anastaajabia nini khasa? Na je, anaruhusika kustaajabia hicho peke yake, akaacha mengine yote mlangoni?

Wapenda mashine wana lalamiko lao la zamani, nalo ni kwamba gari lililozimwa ni maiti. Frederick Simeone, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Philadelphia aliyefariki mwaka 2022, alikusanya kwa miaka mingi magari ya mbio, yakiwamo ya Kitaliana, na mwaka 2008 akayafungulia makumbusho. Hakuridhika yakae tu. Zilitengwa siku ambazo magari yalitolewa nje, yakawashwa na kuendeshwa uwanjani nyuma ya jengo, wageni wakisikia mngurumo na kunusa moshi wa mafuta. Ni kana kwamba alikuwa akisema: mmeliona umbo, sasa msikieni mwenyewe.

Kwa watu wa pwani, waliolelewa na ushairi, lalamiko hili linaeleweka upesi. Shairi lililotungwa ili lighaniwe, likichapwa ukurasani, vina vyake vyaonekana na mizani yake yahesabika, lakini sauti haipo. Hata hivyo hakuna anayesema kwamba ukurasa umeliua shairi. Ukurasa humpa msomaji kitu ambacho mghani hana uwezo wa kumpa: nafasi ya kurudi nyuma, kusimama juu ya neno moja, kuona jinsi kipande kimoja kilivyofungamana na cha pili. Ndivyo na gari. Aliyesimama kando ya barabara likapita kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa ameliona kwa muda wa pumzi moja. Kilichobaki machoni mwake ni wekundu na vumbi. Anayelizunguka ukumbini huona ambacho hata dereva wake hakupata kukiona siku ya mashindano.

Na vya kuonwa vipo. Sergio Scaglietti wa Modena, aliyefariki mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 91, alitengeneza bodi za magari ya Ferrari yaliyo mashuhuri kupita yote, na njia yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuiweza: bati la alumini hulazwa juu ya mfuko wa mchanga, likapigwa kwa nyundo, likainuliwa, likatazamwa, likapigwa tena. Mara nyingi mchoro haukuwapo. Jicho ndilo lililokuwa rula. Mafundi wa majahazi, ambao nao hupinda mbao kwa kipimo cha jicho, wasingehitaji mkalimani katika karakana ile. Ndiyo maana magari ya namna hiyo, yakipimwa kwa uangalifu, ubavu wa kulia haufanani kabisa na wa kushoto, kama usivyofanana upande mmoja wa uso wa mtu na wa pili. Mashine ya kiwandani haikosei hivyo, na wala haipati hivyo. Aliyesogea karibu na bodi ya Scaglietti akaona jinsi mwanga unavyoteleza na kusita juu ya alumini ameona kazi ya mkono, na hana sababu ya kuona haya kwa kuipenda.

Ameweza kusogea, lakini si sana. Baina yake na gari kuna kamba.

Kamba hii ya makumbusho, iliyofungwa baina ya vigingi viwili vya shaba, inastahili kufikiriwa kuliko inavyofikiriwa. Kazi yake inayojulikana ni kulilinda gari na mikono ya watu. Ina kazi ya pili. Kiswahili kina neno *kuhusudu*, ambalo kwa ulimi mmoja hubeba mambo mawili: kukipenda kitu mno kwa uzuri wake, na kumwonea mwenye nacho kijicho. Wahenga walioacha maana hizo mbili zikae nyumba moja hawakuwa wamekosea. Walijua kwamba baina ya kupenda uzuri na kutaka kuumiliki pana ukuta mwembamba. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 juu ya hukumu, alitaka kuuzidishia ukuta huo unene: anayehukumu uzuri sawasawa, alishikilia, ni yule asiyekuwa na haja na kitu chenyewe, hataki kukila, kukitumia wala kukipata. Kamba ya makumbusho ni Kant aliyefanywa uzi. Inamwambia mgeni: hili si lako wala halitakuwa lako, hutalipanda, hutaligusa, sasa tazama.

Fikra nzuri, ila dunia haiiachi ikae. Mwezi wa Februari mwaka 2016, katika mnada mjini Paris, Ferrari 335 S ya mwaka 1957, yenye bodi ya Scaglietti, iliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 32. Tangu bei za namna hiyo zianze kusomwa magazetini, ni wageni wachache wanaosimama kwenye kamba bila kufanya hesabu kichwani. Kamba iliyowekwa ili kuondoa tamaa imekuwa kama kamba ya benki.

Lakini hayo ni madogo. Gari lililouzwa Paris lina khabari nyingine, na khabari hiyo ndiyo inayolifanya swali la mwanzo kuwa zito.

Tarehe 12 Mei 1957 yalifanyika mashindano ya Mille Miglia, yaani maili elfu, kutoka Brescia kwenda Roma na kurudi Brescia, kwa barabara zilezile zinazopitwa siku zote na mikokoteni, baiskeli na watoto wa shule. Yalikuwa yameanza mwaka 1927, na kila yalipofanyika watu walijipanga ukingoni mwa barabara kutoka mji hadi mji. Hapakuwa na kiingilio wala ukumbi. Gari zuri kuliko yote duniani lilipita mbele ya mlango wa mkulima, na mkulima alitoka na wanawe kulitazama. Kama kuna siku sanaa iliwaendea watu badala ya watu kuiendea, ilikuwa siku hiyo.

Gari tunalolizungumza, likiwa bado na injini iliyokuwa ndogo kidogo, lilikuwamo. Liliendeshwa na Mjerumani Wolfgang von Trips, likafika Brescia la pili, nyuma ya Ferrari ya Piero Taruffi, mzee wa miaka 50 ambaye baada ya ushindi huo aliacha mashindano. Nyuma yao ilikuwa inakuja Ferrari nyingine, 335 S, ndugu wa damu wa lile la Paris. Ndani yake walikuwamo Alfonso de Portago, Mhispania wa miaka 28, na msaidizi wake Mmarekani, Edmund Nelson. Zilikuwa zimebaki chini ya kilomita 50 kumaliza safari nzima. Katika barabara iliyonyooka karibu na kijiji cha Guidizzolo tairi la mbele lilipasuka. Gari liliruka, likaingia katika watu waliosimama kutazama, likaishia mtaroni. Walikufa de Portago na Nelson, na watazamaji tisa pamoja nao. Watano kati ya hao tisa walikuwa watoto.

Siku chache baadaye serikali ya Italia ilipiga marufuku mashindano ya mbio katika barabara za umma. Enzo Ferrari, ambaye chini ya mwaka mmoja kabla alikuwa amemzika mwanawe Dino, alishtakiwa kwa kusababisha vifo vile. Hoja ya mashtaka ilikuwa juu ya matairi. Aliachiwa huru mwaka 1961. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1958, baada ya dereva wake mwingine Luigi Musso kufa mashindanoni, gazeti la Vatikani lilimfananisha na Saturno, yule mungu wa Kirumi anayesimuliwa kuwa aliwala wanawe mwenyewe. Wala haikuwa mara ya kwanza kwa mashindano yale kuua watazamaji: mwaka 1938 huko Bologna walikufa kumi, wengi wao watoto, yakasimamishwa, kisha yakarudi. Waliokuwa wakiyaandaa hawakukosa kujua.

Basi na awekwe mbele ya gari jekundu mgeni anayeyajua haya yote. Aone nini?

Jibu la kwanza huja upesi: uzuri hauna hatia. Alumini haikuchagua kitu, mkunjo wa bodi haukumuua mtu, kilichopasuka ni tairi. Jibu hili lina ukweli ndani yake, ila limekata kitu mahali kisipokatika. Umbo lile si pambo lililotiwa juu ya kasi kama nakshi inavyotiwa juu ya mlango. Pua imelala chini kwa sababu ya upepo. Tumbo limebanwa kwa sababu ya uzito. Mabega yamefura kwa sababu magurudumu yenyewe ni mapana na yanahitaji nafasi. Anayesifu mstari anasifu kasi, apende asipende, kama ambavyo anayesifu upindo wa jambia hawezi kusema kwamba hakuwa akifikiria makali. Na watu walijua tangu hapo barabara ile inaweza kufanya nini kwa kasi ile.

Jibu la pili huja upesi vilevile, nalo ni la wenye hasira: kwamba uzuri huu ni laana, na kuuweka ndani ya nyumba ya watawa ni kuitukana nyumba hiyo. Hasira hii ina heshima yake, lakini nayo haielezi mambo yalivyokuwa. Kwani kilichowatoa watoto wa Guidizzolo nyumbani siku ile kilikuwa nini? Hawakuburutwa. Hawakuwa na dau lililowekwa juu ya dereva yeyote, wala euro milioni 32 hazikuwa katika ndoto ya mtu. Walitoka kwa sababu kitu kizuri kilikuwa kinapita, na kitu kizuri kikipita mtoto hutoka. Kama kuna waliotazama bila haja, kama alivyotaka Kant, basi ni wao. Anayeuita upendo huo laana anawahukumu kwanza waliokufa.

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe, na pengine si vizuri kuulainisha. Mgeni wa makumbusho na mtazamaji wa Guidizzolo wanafanya kazi moja. Wote wawili wamesimama, wote wanatazama, wote wanalipenda gari lilelile lililotoka chini ya nyundo ileile. Kilichowatenganisha ni kamba. Leo ipo kamba ya kulilinda gari na mtu. Mwaka 1957 haikuwapo kamba ya kumlinda mtu na gari. Zamani watu waliaminiwa kukisogelea kitu kizuri kikiwa hai na cha kutisha. Sasa wanasogezewa kikiwa kimekufa na kimekuwa ghali, na ulinzi wote umehamia upande wa pili. Ukiutazama mpangilio huu, ni vigumu kuusifu. Ukiukumbuka ule wa kwanza, ni vigumu kuutamani.

Lipo jambo dogo ambalo waandaaji wa maonyesho wangeweza kulifanya, nalo ni la uandishi tu. Pembeni ya kila gari huwekwa kibao, na vibao hivyo aghalabu hufuata utaratibu mmoja: jina la gari, mwaka, idadi ya silinda, nguvu za farasi, aliyebuni bodi, mashindano liliyoshinda. Huo ni ushairi wa sifa, na kila kabila la wapanda farasi limewahi kuwa nao. Lakini watu wa pwani wanajua kwamba sifa bila maombolezo ni nusu ya utenzi. Tenzi zao za vita huwataja washindi, na huwataja waliolala uwanjani. Kibao kinachoweza kubeba ujazo wa injini kwa sentimita za ujazo kinaweza kubeba namba moja zaidi. Wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kumharibia mgeni furaha yake. Huenda. Ila furaha inayoharibiwa na namba moja ilikuwa imekaa vibaya tangu mwanzo, na mgeni anayeweza kusoma namba ile, akainua uso, akaliona gari bado ni zuri, amepata kitu ambacho kibao cha sifa hakingempa. Ameliona kwa jicho la mtu mzima.

Scaglietti mwenyewe hakuacha kupiga bati baada ya 1957. Mikono ile iliendelea, na magari mazuri zaidi, kwa hukumu ya wengi, yalitoka karakanani mwake katika miaka iliyofuata. Hakuna anayemlaumu. Fundi hana njia ya kujua bodi ipi itafika salama na ipi itaishia mtaroni. Zote huzilaza juu ya mfuko mmoja wa mchanga.

Guidizzolo kuna jiwe la ukumbusho kando ya barabara. Na tangu mwaka 1977 Mille Miglia yamefufuliwa, si kwa kushindana kasi tena, bali kwa kushindana usahihi wa muda, kwa magari ya aina zilizoshiriki baina ya 1927 na 1957. Wenye magari huyatoa mafichoni, wengine huyaazima kutoka makumbusho, wakayatia mafuta, wakatoka nayo Brescia kuelekea Roma. Vijijini watu husimama ukingoni. Husikika kwanza sauti, mbali, nyuma ya kona, kabla ya kitu chochote kuonekana. Watu wazima huacha kuzungumza, na watoto husogea mbele.